Mwalimu Anachimba Nyumbani

Nyuma ya duka la Abdishakur,
Migori mjini.
Alhamisi.

Kwako Mama mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima na kwa upendo, mimi mke wa mwanao. Natumaini goti lako limepata nafuu tangu baridi ipungue, na kwamba dagaa wako wa omena wanakauka vizuri kwa jua hili. Wasalimie akina mama wote wa kikundi cha kanisa, hasa yule aliyenifundisha kupika mboga ya osuga bila kuiharibu. Huku sisi tuko hai. Nimelitanguliza neno hilo makusudi, ili ulishike unaposoma yaliyobaki: watoto wako wote wako hai, na mjukuu wako Valary hana hata mkwaruzo.

Anayekupa barua hii ni mwanao Chrispine mwenyewe, pamoja na Valary. Usimwulize kitu kabla hujamaliza kusoma. Najua ulishangaa wiki hii alipokupigia simu mara kwa mara, akauliza habari za mvua, kisha akakata. Kila mara alikuwa amejipanga kukueleza, na kila mara sauti yako ilimshinda. Mwishowe aliniambia, “Mong'ina, andika wewe.” Nami Kijaluo changu ni cha kununulia nyanya, hakiwezi kubeba mambo haya, kwa hiyo naandika kwa Kiswahili kama tunavyozungumza siku zote mimi na wewe.

Uliniuliza juzi kuhusu shemeji yangu Bravin, kwamba simu yake haipatikani na chuoni Kisumu wanasema hawajamwona. Nitakujibu ndani ya barua hii. Ila naomba usiruke ukurasa, Mama. Ukiruka utapata jibu lakini hutaelewa, na mimi nataka uelewe kabla hujahukumu mtu yeyote.

Unaijua nyumba yetu ya Masara, ulilala pale Krismasi. Unakumbuka ulilalamika juu ya kelele za mashine za kusaga mawe ya dhahabu, na vumbi lile linaloingia hadi kwenye sukari. Tulipanga pale kwa sababu ni karibu na shule anayofundisha Chrispine. Mwenye nyumba, Mzee Osoro, ni mtu wa kwetu Kisii, na mimi nilimwamini kwa sababu hiyo tu. Alikuwa akinisalimia kwa lugha ya nyumbani kila asubuhi. Ana safu ya nyumba za kupangisha, na nyuma yake ua wake mwenyewe uliozungushiwa mabati marefu. Alisema ndani ya ua huo anafuga nguruwe. Sikuwahi kusikia nguruwe, lakini sikujiuliza.

Sasa kuhusu mashine za Chrispine. Sidhani kama amewahi kukueleza vizuri. Ni vidude vidogo, kimoja hakizidi pakiti kubwa ya majani chai. Kina feni, na kioo kidogo kinachopitisha namba. Cha kwanza alikinunua kwa Abdishakur, huyu mfanyabiashara wa simu na redio aliyetuhifadhi sasa. Baadaye akaongeza cha pili, na cha tatu akakiunganisha mwenyewe kwa vipande alivyoagiza, likizo nzima mezani na miwani puani. Kazi yao ni kubahatisha namba. Watu dunia nzima wana mashine zinazobahatisha namba hiyo hiyo kwa wakati mmoja, na anayeipata hupewa sarafu za mtandaoni, zile bitkoini unazosikia redioni. Matajiri wana maghala ya mashine hizo. Mwanao alikuwa nazo tatu, kwenye rafu ya stoo.

Nilimwuliza ana matumaini gani ya kuipata namba yenyewe. Akasema ni kama mtu aokote punje moja ya mchanga kwenye ufuo mzima wa ziwa na iwe ndiyo ile iliyotiwa alama. Nikamwuliza, sasa za nini? Akacheka akasema kuna watu hukaa na ndoana siku nzima na hakuna anayewauliza wamevua nini. Alizipenda tu, Mama. Jioni akitoka shule alikuwa akifungua mlango wa stoo kuziangalia jinsi wewe unavyowaangalia kuku wako. Mimi nami nilizizoea. Zilikuwa na joto, na wakati wa mvua sare za Valary zilikaukia pale.

Shida ilikuwa jina. Kazi ile, kila mahali duniani, inaitwa kuchimba.

Unamjua mwanao kwa mzaha. Siku moja kinyozi alimwuliza mbona macho yake mekundu, akajibu kwamba yeye anachimba nyumbani, na hata akilala mashine zinaendelea. Angeyasema hayo Homa Bay watu wangecheka wakasahau. Lakini Masara mtu hachekeshi kwa neno hilo. Pale kila familia ina mtu aliyewahi kushuka shimoni, na wengine wana mtu ambaye hakupanda tena. Waliokuwa kwa kinyozi walicheka kidogo, kisha wakaenda nyumbani na maneno yale.

Muda mfupi baadaye nilianza kusikia kitu. Nikiwa stoo, nikikunja nguo au nikitafuta chumvi, nilikuwa nahisi mtetemo kwenye nyayo. Si kelele hasa. Ni kama mtu anatwanga nyumba ya tatu kutoka kwako. Nilimwambia Chrispine, akasema ni feni zinatikisa rafu. Akaweka vipande vya sponji chini ya mashine. Mtetemo haukuisha. Nikaanza kuziogopa. Nilikuwa nikimwita Valary atoke stoo bila sababu, nami nilikuwa nachukua unga haraka haraka na kufunga mlango, kama mtu anayetoka kwenye chumba chenye nyoka. Niliona aibu kumwambia mume wangu, mwalimu wa fizikia, kwamba naogopa vidude vyake.

Mvua kubwa zikaja. Ukuta wa jirani yetu Liz ulipasuka kutoka dirishani hadi chini, ufa wa kupitisha kidole. Nyumba ya mwisho mlango ukakataa kufunga. Liz ni mama wa watoto wadogo, na tulikuwa tukiazimana kila kitu. Lakini asubuhi hiyo nilimsalimia akaingia ndani akafunga mlango. Baadaye aliniuliza mbele ya watu kama ni kweli bwana wangu ana mashine za kuchimba ndani ya nyumba. Nilimweleza, Mama, nilimweleza kwa kadiri ninavyoelewa: namba, mtandao, bitkoini. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyosikika kama mwongo. Akaniuliza kama haichimbi ardhi mbona inaitwa kuchimba.

Mzee Osoro akaja mwenyewe kuziona. Alisimama mlangoni mwa stoo muda mrefu. Hakuziangalia mashine sana, aliangalia sakafu. Kisha akatoka akawaambia watu waliokuwa nje kwamba ni kweli ameziona kwa macho yake na zinatikisa nyumba. Chrispine alimfuata akijaribu kumfafanulia, naye akamgusa bega akasema, “Mwalimu, mimi sina neno, lakini watu wameogopa.” Tangu hapo watoto wa jirani hawakuruhusiwa kucheza na Valary, na mtu aliandika ukutani kwetu kwa mkaa, HAMA. Chrispine alilifuta kabla sijaliona, lakini mkaa haufutiki vizuri.

Sasa nafika Jumamosi.

Ilikuwa mchana, jua kali. Stima ilipotea mtaa mzima kama kawaida yake. Chrispine alikuwa sebuleni anasahihisha mitihani, mimi nilikuwa nimekaa sakafuni pale stoo nachambua maharagwe. Feni zikasimama moja baada ya nyingine, vioo vikazima. Kukawa na utulivu ambao sikuwa nimeusikia ndani ya nyumba ile tangu tulipozinunua. Hata mashine za kusaga mawe za mtaani zilikuwa zimenyamaza.

Halafu ikaja kutoka chini yangu. Ko. Ko. Ko.

Nilidhani ni moyo wangu. Nikaweka kiganja kwenye simiti. Ko. Ko. Ko. Kisha kimya, kisha tena.

Nilimwita Chrispine kwa sauti ambayo hata mimi sikuitambua. Alikuja, akanitazama, akapiga magoti, akalaza sikio. Niliona uso wake ukibadilika rangi. Alichukua mchi wa kinu changu akagonga sakafu mara tatu. Tukangoja. Sakafu ikajibu mara tatu. Akagonga mara mbili. Ikajibu mara mbili.

“Kuna watu,” akasema. “Mong'ina, kuna watu chini ya nyumba.”

Mama, nimewahi kuogopa maishani. Niliogopa nilipokuwa najifungua Valary na damu ikakataa kusimama. Lakini siku hiyo sikuwa peke yangu, nilikuwa na wauguzi. Hii ya kukaa juu ya mtu aliye hai na usimwone ni hofu nyingine. Nilitaka kukimbia na wakati huo huo niliona kama nikiondoa mguu wangu tu, mtu yule atadhani ameachwa.

Chrispine alitoka mbio kwenda kwa Mzee Osoro, kwa sababu ndiye mwenye mahali na ndiye angejua pa kupata watu wenye sururu. Mimi nilimpeleka Valary barabarani, nikamkabidhi kwa mama auzaye mandazi, nikarudi. Sikuwa nimekaa sana nikasikia kishindo cha watu. Chrispine alikuwa akirudi mbele yao kinyumenyume, mikono juu, damu ikimtoka juu ya jicho. Mzee Osoro alikuwa nyuma ya watu. Baadaye Chrispine aliniambia kwamba Osoro alimsikiliza hadi mwisho, akaingia ndani, na alipotoka alitangaza mbele ya watu kwamba shimo la mwalimu limeporomoka na nyumba zote za safu ile zitafuata.

Waliingia. Walichukua mashine zile kutoka kwenye rafu wakazipiga ukutani, na zilivunjika kama vyombo vya kuchezea, vipande vya kijani vikaruka hadi kwenye maharagwe yangu. Nadhani walitarajia kitu kikubwa. Mmoja alishika kimoja mkononi akakigeuzageuza, akauliza, “Ni hii?” Kwa dakika hiyo hasira yao ilisita. Mzee Osoro akasema kwa sauti kwamba sisi tutoke, yeye afunge nyumba kabla mtu hajafa. Alikuwa na kufuli mkononi. Kufuli jipya, Mama, bado lina karatasi yake.

Sijui nilipata wapi ujasiri. Badala ya kutoka nilikaa chini pale pale stoo, miguu nimeinyosha kama mtoto mkaidi. Mtu alinivuta mkono, nikamshika mguu. Nilikuwa nalia, na nilichoweza kusema ni neno moja tu, sikilizeni, sikilizeni. Nilimwona Liz mlangoni. Nikamwambia kama ananichukia aje anichukie hapa chini, aweke sikio, kisha anifanye atakavyo.

Alikuja. Kwa hasira, lakini alikuja. Alijilaza, khanga yake ikalowa damu ya Chrispine iliyokuwa sakafuni. Akainua mkono watu wanyamaze. Nilikuwa naomba kimoyomoyo kwa Mungu, si kwamba tuokoke, bali kwamba yule wa chini agonge tena. Muda ulipita mpaka nikadhani amekufa.

Ko. Ko. Ko.

Liz aliinuka akiwa hana rangi. Wachimbaji waliokuwa mle ndani hawakuhitaji kulaza sikio. Mmoja wao, mwanamume mwenye kidole kilichokatika, alivua kofia yake. Akasema ni mtu aliye hai anagonga jiwe kwa jiwe, amewahi kugonga hivyo yeye mwenyewe. Kisha akageuka akauliza mwenye nyumba yuko wapi, kwa sababu njia yoyote inayofika hapa lazima itoke nyuma ya mabati. Mzee Osoro hakuwepo. Kufuli lilikuwa limeachwa juu ya kiti.

Watu wale wale waliokuja kutufukuza ndio waliovunja sakafu. Sitasahau walivyofanya kazi. Walipokezana bila maneno, wanawake wakabeba mchanga kwa beseni zangu za kufulia, Chrispine amefungwa kitambaa kichwani akishika kamba. Wengine walibomoa mabati ya Osoro wakakuta mdomo wa shimo umezibwa na udongo ulioporomoka na mvua, na hakuna nguruwe hata mmoja. Handaki lilikuwa limepita chini ya nyumba zote, likifuata mwamba. Ndilo lililopasua ukuta wa Liz. Ndilo lililotetemesha nyayo zangu siku zote nilizokuwa nikizilaumu mashine za mume wangu, na sauti za feni ndizo zilizotuziba masikio tusijue.

Jua lilikuwa linashuka walipomtoa wa kwanza. Alikuwa Mayaka, kijana wa upande wa Kuria, na alikuwa ameshafariki. Walimlaza kwenye mkeka wangu wa sebuleni, nikamfunika shuka. Wa pili alikuwa hai. Alitolewa akiwa mweusi kwa tope kuanzia unyweleni, macho yamefumba kwa mwanga, mguu mmoja umevunjika vibaya. Nilimpelekea maji kwa kikombe. Nilimshika kichwa ili anywe. Akameza, akakohoa, akasema taratibu, “Asante, shemeji.”

Mama, ni Bravin.

Sikumtambua kwa uso, nilimtambua kwa sauti. Kikombe kilinitoka. Chrispine alikuwa upande wa pili wa shimo anakunja kamba, akainua kichwa kuona kwa nini nimepiga kelele, na akajua kabla sijamwambia. Aliruka shimo lile. Alimshika ndugu yake na tope lake lote akamweka kifuani, akawa anasema kwa Kijaluo maneno ambayo sikuyaelewa yote, ila lile la kumwita mtoto wa mama yangu nililielewa.

Bravin ametueleza polepole. Aliacha chuo muda mrefu uliopita, alishindwa na masomo na akashindwa kukuambia. Krismasi ile mlipokuja, alizungumza na Mzee Osoro uani, na Osoro akamwambia kuna kazi, mradi asimwambie kaka yake kwa kuwa mwalimu angemkataza. Amekuwa akilala ndani ya mabati yale, hatua chache kutoka jikoni kwangu. Anasema alikuwa akisikia harufu ya chapati zangu. Alikuwa akiniona nikianika nguo. Shimo lilipoporomoka yeye na Mayaka walitambaa mbele gizani kwa sababu nyuma kulikuwa kumezibwa. Yeye alijua njia inaelekea kwetu, kwa hiyo akamwambia Mayaka wagonge, shemeji atasikia. Walianza kugonga Ijumaa. Ijumaa, Mama. Feni zilikuwa zinazunguka, na mimi nilikuwa nimefunga mlango wa stoo kwa sababu ya woga. Mayaka alikuwa bado hai siku hiyo.

Sijalala vizuri tangu nilipoelezwa jambo hilo. Chrispine naye hajazungumza tena kuhusu mashine, na vipande vyake tuliviacha pale pale.

Tulimpeleka Bravin hospitalini hapa Migori, wakamshughulikia vizuri. Lakini siku ya pili alikuja mwanamume nisiyemjua, amebeba machungwa kwenye mfuko, akauliza kitanda cha mgonjwa wa Masara. Alisema yeye ni mjomba wake. Bravin alijifunika shuka hadi kichwani. Nilimwambia mtu yule kwamba mgonjwa amehamishwa usiku. Alinitazama, akatazama kitanda, akaweka machungwa kwenye meza akaondoka bila haraka. Hatukuyala. Jioni ile Abdishakur alitoa gari lake la mizigo, mkewe Faduma akalitandika magodoro, na tukamhamisha kweli.

Amehamishiwa Homa Bay, Mama. Yuko hapo kwako, hospitali ya kaunti, wodi ya wanaume ya waliovunjika mifupa. Umekuwa ukipita nje ya ukuta ule ukienda sokoni na mwanao yuko ndani. Ni yeye aliyetuapisha tusikuambie hadi aweze kukaa, kwa sababu anasema hawezi kukutazama akiwa amelala. Jana aliweza kukaa. Sasa unajua kwa nini Chrispine ameketi hapo nje hawezi kuinua uso.

Liko jambo moja limebaki, na hili hata Chrispine halijui.

Jumamosi ile, Chrispine alipokwenda kumwita Osoro, Osoro alifika kwetu kwanza peke yake kwa njia ya nyuma, wakati mume wangu bado anamngoja mlangoni pake. Alinikuta stoo. Alizungumza nami kwa Kikisii, taratibu, kama mzazi. Akaniambia nifungashe, atanipa nyumba nzuri zaidi mtaa wa Suna, na kwamba walio chini wamekwisha, ninachosikia ni mawe yanajipanga. Kisha akasema, “Ila mwalimu usimwambie ni wangapi wala ni akina nani.” Nilikuwa sijui ni akina nani. Wakati huo sikuelewa kwa nini alisema hivyo. Alipoondoka ndipo nikamtoa Valary nje, na ndipo aliporudi na watu na kufuli.

Nimeelewa sasa. Alijua ni ndugu wa mume wangu aliyekuwa akigonga, na alikuwa tayari kufunga mlango juu yake. Hakuna mwingine aliyeyasikia maneno hayo. Nikimwambia Chrispine atakwenda kumtafuta kwa panga, na unajua kwamba mtu mpole akikasirika harudi nyuma. Kwa hiyo nimekuambia wewe, mama yao wote wawili.

Osoro hajapatikana. Watu wake wapo, na mmoja wao amekuwa akisimama ng'ambo ya duka hili tangu jana, anakunywa soda moja muda mrefu. Polisi wameniita Jumatatu nikaandikishe ninayoyajua. Mama yake Mayaka alikuja kuchukua mwili wa mwanawe, akaniuliza kama alisema lolote kabla ya kufa. Sikuwa na la kumpa. Nimeamua nitampa hili. Nitakwenda Jumatatu na nitayasema yote, pamoja na maneno ya Osoro na lugha aliyoyasemea. Naogopa sana. Abdishakur na Faduma watanisindikiza, na Liz amesema atakuja pia, aeleze alivyolaza sikio.

Ninaomba mambo mawili. La kwanza, mzuie Chrispine hapo hadi Jumanne. Mwambie goti limekushika, mwambie paa linavuja, mwambie lolote. La pili, kaa na Valary mpaka nitakapomfuata. Analala vizuri, anakula vizuri, lakini akiingia chumba kigeni hujilaza kwanza sakafuni na kusikiliza. Usimkemee. Mwache asikilize, atainuka mwenyewe.

Sasa nenda kwa Bravin. Atajaribu kuomba msamaha, na maneno yatamshinda. Mpelekee uji wa wimbi, hospitalini anakula kidogo sana.

Mungu akutunze, Mama, akupe nguvu za kupanda ngazi za wodi. Wasalimie majirani wote bila kuwaeleza. Nami ukinikumbuka katika sala, nikumbuke Jumatatu asubuhi.

Ni mimi mkaza mwanao, ninayekupenda,

Mong'ina, mama Valary.